Furaha Ndogo Haina Mlinzi

Harusi ni kazi ya watu wengi, ndoa ni kazi ya wawili. Kamati hukaa vikao kwa miezi, kadi za michango hugawiwa, jina la aliyeahidi na hajatoa husomwa mbele ya wenzake, na siku ikifika ukumbi hujaa. Kesho yake viti vya kukodi vinarudishwa, mjomba aliyetoka mbali anasindikizwa stendi, masufuria makubwa yanarejeshwa kwa wenyewe. Vijana wawili wanabaki na kitu ambacho hakuna kikao kilichokijadili: asubuhi ya kawaida.

Katika kata ya Utemini, Manispaa ya Singida, asubuhi hiyo inafahamika. Ni chumba na sebule ndani ya nyumba ya wapangaji wanne au watano, bomba moja uani, na mita moja ya LUKU ambayo kila uniti zikiisha huzusha mjadala wa nani ana friji na nani alipiga pasi usiku. Kodi imelipwa ya miezi sita kwa mkupuo, na miezi iliyobaki imekwisha kuanza kuhesabiwa. Mtungi mdogo wa gesi, zawadi ya shangazi, huwashwa kwa chai na kwa mgeni. Chakula chenyewe hupikwa kwa mkaa barazani. Mume anaendesha bodaboda ya mkataba, na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Mke ana meza ya vitunguu, mafuta ya alizeti na mayai ya kienyeji, bidhaa ambazo mkoa huu unajulikana nazo hadi Dar es Salaam. Vijana wa namna hii ni wengi, na anayetaka kuwajua hana haja ya kwenda mbali.

Watu wanaowapenda huwauliza maswali makubwa. Mmeshapata kiwanja? Mnaanza kujenga lini? Mbona bado hamjatuletea mjukuu? Maswali hayo yana haki yake, maana kiwanja na mtoto ni mambo ya kweli. Lakini hakuna anayewauliza kama jana walikula pamoja, wala kama kuna jambo lililowachekesha tangu wiki ianze. Swali kama hilo linaonekana la kitoto. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa mtu hulinda kile anachoulizwa. Kiwanja kinawekewa mawe ya mpaka, pikipiki inafungwa mnyororo, mtoto anapelekwa kliniki kila mwezi. Furaha ndogo haina mnyororo wala kadi ya kliniki. Ikiondoka haipigi kelele, na wenyewe wanaweza kukaa mwaka mzima bila kujua ni nini kilichopungua ndani.

Tuisogelee, maana jambo dogo likitazamwa kwa mbali halionekani.

Ni jioni ya mwezi wa saba. Mji wa Singida uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi upepo wake ni mkavu, una vumbi, na una baridi inayoingia kwenye mikono ya shati. Mkaa katika upepo huo hauwaki kwa utulivu. Unarusha cheche na kuisha kabla chungu hakijaiva. Mume amewahi kurudi. Ameegesha pikipiki iwe ukuta upande mmoja wa jiko, upande wa pili ameshikilia kipande cha bati. Mke amechuja magadi, anakoroga mlenda.

“Tia karanga basi, mke wangu.”

“Kwetu hatutii karanga.”

“Mama hutia.”

“Basi leo nishikie bati, karanga nitakutilia kesho.”

Wanacheka. Ugali wa uwele unasongwa, wanakula kwenye sahani moja kwa kuwa nyingine bado haijaoshwa, na mlenda usio na karanga unaisha wote. Hakuna kilichotokea hapo ambacho mtu angepiga picha. Hata hivyo, ukiwauliza wazee waliokaa pamoja muda mrefu ni lini walikuwa na raha, wengi hawakutajii siku ya harusi wala siku ya kuezeka nyumba. Watakusimulia mvua iliyowakuta njiani, au chakula kilichoungua wakakila hivyohivyo.

Kila anayefunga ndoa huingia na jiko la mama yake kichwani. Huyu amekulia Kiomboi, yule Ikungi, na ingawa ni mkoa mmoja, nyumba mbili haziwi na chumvi moja. Namna ya kukunja nguo, saa ya kuoga, nani anaamka kwanza kufungua mlango, kama mgeni anaulizwa amekula au anapakuliwa tu: yote hayo kila mmoja aliyaona kwao akadhani ndivyo dunia ilivyo. Miezi ya kwanza ni miezi ya kugundua kwamba dunia ina namna nyingine. Ugunduzi huo unaweza kuwa kicheko au kesi. Jambo ni lilelile la karanga. Kinachotofautiana ni kama wawili wale wana nafasi ya kucheka. Aliyechoka mno, mwenye deni mno, au anayesikilizwa na watu wengine kupitia ukuta mwembamba, hana nafasi hiyo. Kwa sababu hii nasema furaha ndogo si pambo la ndoa changa. Ndiyo inayogeuza tofauti ikawa mazoea badala ya kuwa chuki.

Hesabu yake ni rahisi. Ndoa ya miaka 30 ina jioni zipatazo 10,950. Sherehe kubwa za miaka hiyo yote, za kuzaliwa watoto, kumaliza shule, kuhamia nyumba, hata mtu akizihesabu kwa ukarimu hazifiki mia moja. Anayeweka akili yake yote kwenye sherehe na kuziacha jioni zijiendee ameitunza sehemu ndogo sana ya maisha yake. Maisha hufanana na kile kilicho kingi ndani yake.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, waliopendana kwa hiari yao, huziacha jioni hizo zikauke? Si kwa ubaya. Ubaya huonekana upesi na hupata wa kuukemea. Hukauka kwa jambo ambalo kila mkazi wa Singida anaweza kulielewa, kwa sababu analiona kwenye mashine za kukamulia. Alizeti ikiingia kinuni hutoka mafuta na hubaki mashudu. Mafuta hutiwa kwenye madumu yakauzwa kando ya barabara kuu. Mashudu hurudi nyumbani yakaliwa na kuku. Nguvu na adabu za mtu ndivyo zinavyogawanyika. Tangu alfajiri kijana wa bodaboda amekuwa mpole kwa abiria: shikamoo mama, niletee mzigo nikufungie, pole kaka, tutafika. Dada wa mezani naye ametabasamu kwa kila aliyebinya kitunguu akakirudisha, ameongeza kimoja juu ya fungu, ameaga kila mteja kwa jina. Jua likizama wote wawili wamekamuliwa. Wateja wamepata mafuta. Nyumbani yanafika mashudu: sauti kavu, jibu la neno moja, jicho lililo kwenye simu.

Hakuna anayepanga hivyo. Mtu hudhani nyumbani ndipo mahali pa kuipumzisha adabu, kwa kuwa mwenzake anamjua na atamwelewa. Ni kweli atamwelewa. Ataelewa mara ya kwanza na mara ya ishirini. Lakini kuelewa si kufurahi, na anayeelewa kila siku huchoka kuelewa. Akiba ndogo ya upole ikiwekwa kwa ajili ya mlango wa nyumbani, abiria wa mwisho hatapungukiwa na kitu. Salamu ya kurudi nyumbani haina gharama, ila inahitaji mtu awe amebakiza pumzi ya kuitoa.

Katika desturi zetu mzigo huu wa upole ulitwikwa upande mmoja. Binti anayeolewa hukusanyiwa shangazi, mama wadogo na majirani siku ya kitchen party, akafundwa usiku kucha namna ya kupokea, kunyamaza, kupika na kuvumilia. Ni mafunzo yenye mema mengi, na ni ya zamani: kule kisiwani Pate, kwenye mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mzima wa nasaha za namna hiyo, na ungali unasomwa. Kijana wa kiume yeye, katika siku zilezile, huagwa na rafiki zake kwa vinywaji na mzaha kwamba uhuru umekwisha. Anaingia kwenye nyumba akiwa na mwalimu mmoja tu, baba yake, na kama baba yake hakuwa mtu wa kuzungumza, anaingia bila mwalimu. Shaaban Robert aliliona pengo hili. Alipomwandikia binti yake Utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume naye alimwandikia wake, Utenzi wa Adili. Wazazi wa leo wangepaswa kufanya hivyo, kwa maneno yao wenyewe, hata kwa dakika chache chini ya mti. Ndoa yenye mmoja aliyefundwa ni gari linalovutwa na ng'ombe mmoja.

Hapo tunafika kwenye fedha, maana asiyeitaja fedha anapozungumzia ndoa hajazungumza.

Vijana wengi huanza kwa kuweka kila kitu pamoja, na mwezi wa tatu au wa nne mmoja huanza kuhesabu. Nani alilipa mkaa? Nani alituma kwa wazazi wake, kiasi gani, mara ngapi? Hesabu yenyewe si kosa. Nyumba isiyohesabu hufilisika. Kosa ni kuhesabu upande mmoja wa daftari. Hela ya pikipiki huonekana, kwa kuwa huingia mkononi ikiwa noti au kwenye simu ikiwa ujumbe. Maji yaliyobebwa kutoka bombani, shati lililofuliwa, mlenda, mgonjwa aliyekeshewa, hayana ujumbe wa simu. Yakikosekana ndipo yanapoonekana.

Jambo hili lilifika mbali kuliko wengi wanavyojua. Katika shauri la mwaka 1983 la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliulizwa kama mke ambaye kazi yake ilikuwa ya nyumbani anaweza kusemwa amechangia mali iliyopatikana kwa fedha za mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inazungumzia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mahakama, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ni uamuzi ambao wanawake wengi wamesimama juu yake tangu hapo. Lakini msomaji mwadilifu aisome hukumu hadi mwisho. Mwanamke yule hakuongezewa kitu, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia naye akazitapanya. Kazi ya jikoni ilihesabiwa, na ubadhirifu nao ukahesabiwa. Mizani iliyo sawa haina rafiki.

Ninachojifunza hapo ni jambo la mahali na wakati. Mahakama huhesabu michango ndoa ikishakufa, wakati watu wawili hawawezi tena kutazamana. Nyumba inayo njia ya kufanya hesabu ileile ndoa ingali hai, tena bila wakili: kusema asante. Asante kwa maji. Asante kwa kuchelewa kwa ajili yetu. Wapo wanaume wanaoona aibu kumshukuru mke kwa chakula, kana kwamba kushukuru ni kukiri kwamba chakula kile hakikuwa wajibu. Wapo wanawake wanaoona hela ya mume ni haki iliyochelewa tu. Wote wawili wanakosea kwa namna moja. Wajibu ukishukuriwa hauachi kuwa wajibu. Unakuwa mwepesi wa kubebeka kesho.

Inafaa pia wajue kuzungumza fedha kwa saa yake. Deni likitajwa kabla ya chakula huwa matusi, likitajwa baada ya chakula huwa deni. Njaa na uchovu hupandisha sauti ya kila neno, na mtu husema jambo la kweli kwa namna ambayo ukweli wake hausikiki tena. Wanaokaa vizuri nimewaona wakiwa na siku yao ya daftari, jioni moja ya wiki, wakipanga hesabu ya pikipiki, mtaji wa vitunguu, mchango wa kikoba na cha kutuma nyumbani. Siku nyingine sita daftari linalala. Bila mpaka huo, kila jioni huwa jioni ya madai, na hakuna kicheko kinachoota kwenye kiwanja cha madai.

Sasa kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Mtu atasema: furaha ndogo hailipi kodi. Ni kweli, hailipi. Tena kuna wanaoitumia kama pazia. Kijana anayechekesha vizuri jioni lakini asubuhi hatafuti, mke wake atacheka mwezi mmoja, wa pili atahesabu. Na palipo na kipigo hapana la kuzungumza kuhusu mlenda na karanga. Sheria ya Ndoa ileile ilikwisha kusema tangu 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na anayevumilia kipigo ili alinde furaha hana furaha ya kulinda. Furaha ninayoizungumzia hukaa juu ya mambo mawili: chakula kinachotafutwa na wote kwa kadiri ya uwezo wao, na mwili usioogopa. Pasipo hayo hukaa juu ya upepo.

Lakini pingamizi hilo likisukumwa zaidi ya hapo huwa uongo. Wapo waliojenga nyumba ya vyumba vinne wakahamia humo wakiwa wageni wao kwa wao. Walisema watafurahi wakimaliza kupaua, kisha wakimaliza plasta, kisha wakivuta maji. Walipomaliza, kila mmoja alikuwa amejifunza kukaa peke yake. Furaha ikiahirishwa mara nyingi husahau njia ya kurudi. Na iliyo karibu mara nyingi haina bei. Singida imejaliwa maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai, hapohapo mjini. Maji yake hayafai kunywa, lakini ufuoni kuna majabali makubwa ya kukalia, kuna upepo, na zipo nyakati ambapo heroe hutua majini wakiwa wekundu wa kufifia. Vijana wawili wakikaa juu ya jabali lile Jumapili jioni na karanga za kuchemsha kwenye kipande cha gazeti, hawajafuja mtaji. Waache tu simu mfukoni, maana simu huwaletea harusi za watu wengine, gari za watu wengine, na wapenzi waliopigwa picha wakati hawajagombana.

Simu nimeipita upesi kwa sababu wengi wameizungumza. Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo, kwa kuwa linagusa heshima: ndugu.

Desturi yetu ni ya mlango wazi, na ni desturi njema. Kijana akipata chumba mjini, amepata kwa ajili ya wengi. Kabla ya miezi mitatu kwisha, mdogo wake mume amekuja kutafuta kazi na analala sebuleni. Baada yake anakuja wifi anayesoma chuo. Mama mkwe naye ana miadi ya hospitali ya mkoa, na hospitali ina foleni. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Shemeji anasaidia kubeba maji, wifi anaosha vyombo, mama mkwe anajua mlenda kuliko wote. Lakini pazia kati ya chumba na sebule halizuii sauti. Maneno ambayo wawili wangeambiana yanamezwa. Mzaha wa karanga ukirushwa mbele ya mama mkwe unakuwa mashtaka dhidi ya kwao mke. Tofauti iliyokuwa ya kuchekesha inapata mashahidi, na jambo lenye mashahidi linahitaji mshindi.

Sisemi ndugu wafukuzwe. Anayeishi bila ndugu atakuja kuwahitaji siku ya ugonjwa, na hatawapata. Nasema kuna utaratibu wa mambo. Mbegu mbili zinazotaka kushika udongo zipewe msimu wa kwanza. Mzazi mwenye busara hujizuia kukaa kwa wanawe wapya, ingawa ana haki ya kukaa. Na kijana mwenye heshima anaweza kumwambia mdogo wake, bila kugombana, kwamba nafasi ya kulala itapatikana baada ya muda fulani, na wakati huo atamsaidia kulipa kitanda kwa rafiki. Heshima ya kweli huweka mipaka mapema, ikiwa bado na tabasamu; inayochelewa huja kuiweka kwa hasira.

Sheria nayo, kwa lugha yake kavu, imewapa wanandoa wapya msimu huo. Chini ya Sheria ya Ndoa, mtu hawezi kuomba talaka mahakamani kabla ya miaka miwili kupita tangu ndoa ifungwe, isipokuwa mahakama imempa kibali kwa sababu nzito. Hata baada ya hapo, kwa kawaida shauri hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Wengine huiona kanuni hii kama kizuizi. Mimi naiona kama ushuhuda wa watu wazima waliojua kwamba mwaka wa kwanza na wa pili hausemi ukweli wote. Katika muda huo watu wawili bado wanavua majiko ya mama zao na kujenga la kwao, na moshi ni mwingi. Anayetoa hukumu katikati ya moshi huhukumu moshi.

Lakini miaka miwili haifanyi kazi yenyewe. Sheria inaweza kuwazuia wasiachane. Haiwezi kuwafanya wakae barazani pamoja wakiwa wameshika bati. Na kinachowaondoa barazani mapema zaidi, kwa ninavyoona katika nyumba nyingi za kupanga, ni kodi. Mwezi wa tano ukifika, mwenye nyumba anapita uani akiuliza hali, na hali anayouliza inajulikana. Kijana anaanza kukesha kwenye kituo cha bodaboda hadi saa sita usiku. Mke anahamisha meza yake kufuata mabasi ya jioni. Sahani moja inakuwa sahani mbili, moja ikiwa imefunikwa. Hawajagombana, wanatafuta hela ya miezi sita mingine. Na wakati wanaitafuta, bado wanadaiwa asante na kamati iliyotumia mamilioni kwa jioni moja ya ukumbi, mapambo, gari la kukodi na mpiga video.

Basi neno langu ni kwa kamati. Mkikaa kikao cha harusi ijayo, mwenyekiti akifungua daftari, ombeni bajeti isomwe upya kabla haijapitishwa. Punguzeni mapambo, punguzeni magari, acheni keki ya ghorofa tatu iwe ya ghorofa moja. Kinachobaki kiandikwe kwenye mstari wake kwa wino uleule: kodi ya nyumba ya maharusi, miezi mitatu. Mwekeni mhazini alipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na msitangaze ukumbini.